Tarakimu Kumi na Tano: Historia ya Namba Tambulishi ya Simu na Hatari za Kuibadili

Kila simu ya mkononi iliyoundwa kwa kufuata viwango vya GSM na vya mitandao iliyokuja baadaye hubeba namba ya kwake yenyewe, isiyo namba ya laini, ambayo mwenye simu huiona akibonyeza *#06# na ambayo wahandisi huiita IMEI, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya utambulisho wa kimataifa wa kifaa cha mawasiliano ya mkononi. Nchini Tanzania Mamlaka ya Mawasiliano imeieneza kwa jina la namba tambulishi, na ndilo jina litakalotumika hapa. Laini humtaja mteja na huhama naye kutoka simu moja hadi nyingine, ilhali namba tambulishi hukitaja chombo, nayo ilikusudiwa ibaki na chombo hicho tangu kinapotoka kiwandani hadi kinapotupwa. Kusudio hilo halijapata kutimia kikamilifu. Tangu namba za aina hii zilipoanza kuandikwa ndani ya simu wamekuwapo watu waliotafuta njia ya kuzifuta na kuandika nyingine, na anayefuatilia visa vyao katika miongo minne iliyopita huona jambo moja likijirudia: anayeibadili namba hujificha kidogo kuliko anavyodhani, na gharama ya kitendo chake mara nyingi humwangukia mtu mwingine, hasa yule aliyeinunua simu mwishoni mwa safari yake ya kibiashara bila kuambiwa lolote.

Mwanzo wa habari hii haumo katika GSM bali katika simu za analogi za Marekani. Mtandao wa kwanza wa kibiashara wa simu za mkononi nchini humo ulifunguliwa Chicago tarehe 13 Oktoba 1983, na kila simu iliyojiunga nao ilikuwa na namba ya kielektroniki ya biti 32, yaani mfuatano wa alama 32 za sifuri na moja, iliyohifadhiwa katika chipu ya kumbukumbu. Simu ilipotaka kupiga ilitangaza hewani namba hiyo pamoja na namba ya mteja, bila kuificha kwa msimbo wowote, na mtambo uliridhika kwamba mwenye jozi hiyo ndiye mteja halali. Aliyekaa na kipokezi cha redio kando ya barabara kuu au karibu na daraja aliweza kunasa jozi za namba kutoka katika magari yaliyopita, kisha akaiandika jozi mojawapo katika chipu ya simu nyingine, akapata simu pacha ambayo gharama zake zote ziliingia katika ankara ya mtu asiyemjua. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni za simu za Marekani zilipoteza kwa njia hiyo mamia ya mamilioni ya dola kila mwaka.

Dawa mojawapo iliyotumika inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa inaeleza mengi kuhusu mpaka wa hila hii. Redio za simu haziamki kwa namna moja hata zikitoka kiwanda kimoja siku moja. Kila moja ina upotofu wake mdogo wa masafa na namna yake ya kupandisha nguvu ya mawimbi katika sehemu ndogo sana ya sekunde baada ya kuwashwa. Mitambo iliyofungwa kwenye vituo vya mawasiliano ilijifunza tabia hiyo ya redio ya kila mteja, na simu pacha ilipojitokeza ikiwa na namba sahihi lakini kwa tabia isiyo yake, maongezi yalikatwa kabla hayajaunganishwa. Namba ilikuwa imebadilika, chombo kikabaki kilekile, na chombo ndicho kilichojisema. Mwaka 1998 sheria ya Marekani ikakazwa kiasi kwamba mtu aliyemiliki kwa kujua zana au programu ya kubadili namba hizo alihesabiwa kuwa na kosa bila upande wa mashtaka kulazimika kuthibitisha nia ya kulaghai.

Ulaya ilianza kwa msingi mwingine. Kikundi cha wahandisi kilichoundwa mwaka 1982 chini ya shirika la pamoja la posta na simu la nchi za bara hilo kilibuni GSM, mfumo ambao mtandao wake wa kwanza wa kibiashara ulizinduliwa Finland tarehe 1 Julai 1991, na kikatenganisha mambo mawili yaliyochanganywa Marekani. Haki ya mteja ya kutumia mtandao iliwekwa katika laini, yenye ufunguo wa siri usiotangazwa hewani kamwe, na chombo kikaachiwa namba tambulishi, ambayo kazi yake ilikuwa kuuwezesha mtandao kukikataa chombo kilichoibwa au chenye hitilafu. Kwa ajili hiyo kampuni ya simu iliweza kuweka rajisi yenye orodha tatu: nyeupe kwa vifaa vinavyokubalika, ya kijivu kwa vile vinavyofuatiliwa, na nyeusi kwa vile vilivyofungiwa. Utengano huo ulikuwa wa busara, lakini ulizaa uzembe wa aina yake. Kwa kuwa kubadili namba ya chombo hakukuiibia tena kampuni ya simu hata shilingi moja, watengenezaji wengi waliiacha namba hiyo katika kumbukumbu inayoandikika upya, na fundi mwenye waya na kompyuta akaifikia bila tabu. Kanuni ya kiufundi iliyodai kwamba namba isibadilishwe baada ya hatua ya mwisho ya utengenezaji, na kwamba istahimili kuchezewa iwe kwa mikono, kwa umeme au kwa programu, iliwabana watengenezaji wa simu zilizoidhinishwa baada ya tarehe 1 Juni 2002, yaani zaidi ya mwongo mmoja tangu mtandao wa Finland uwashwe.

Muundo wa namba yenyewe hauna budi kuelezwa. Tarakimu nane za kwanza hutaja aina ya simu, na miongoni mwake mbili za mwanzo hutaja chombo kilichogawa namba, ambapo 35 ni ya Uingereza na 86 ni ya China. Tarakimu sita zinazofuata hutofautisha simu moja na nyingine za aina ileile. Na ya 15 ni tarakimu ya uhakiki, inayopatikana kwa hesabu iliyobuniwa na Hans Peter Luhn, mhandisi wa IBM aliyeombea hataza yake mwaka 1954, muda mrefu kabla ya simu za mkononi. Uchukuliwe mfano wa 004999010640000, namba ambayo mafundi wengi wanaifahamu kwa sababu itakayoonekana baadaye. Katika tarakimu 14 za kwanza, kila ya pili huzidishwa kwa mbili, na jawabu likiwa na tarakimu mbili, hizo hujumlishwa, hivyo 9 huwa 18 kisha 9, na 6 huwa 12 kisha 3. Zile zilizozidishwa huleta jumla ya 23, zile zisizoguswa huleta 17, na zote pamoja ni 40. Kwa kuwa 40 hugawanyika kwa kumi bila baki, tarakimu ya uhakiki ni 0, na namba nzima hukubalika. Hesabu hii hugundua makosa ya mtu anayenakili namba kwa mkono, wala haikubuniwa kumgundua mwongo. Hata sifuri 15 mfululizo huipita bila kikwazo, jambo ambalo baadaye lilizitaabisha nchi nzima.

Miongoni mwa nchi zilizohisi mapema uzito wa tatizo hili katika jamii ilikuwa Uingereza, ambako makadirio yaliyochapishwa na wizara ya mambo ya ndani yalionyesha kwamba huenda simu 710,000 ziliibwa mwaka 2001, nyingi zikiporwa kutoka kwa vijana na wanafunzi. Kampuni zilikubali kushirikiana kuzifungia simu zilizoripotiwa, ila ufungiaji huo ungekuwa kazi bure iwapo kibanda cha sokoni kingeendelea kuandika namba mpya kwa malipo ya paundi chache. Bunge likatunga sheria ya mwaka 2002 dhidi ya kubadili namba za simu, iliyoanza kutumika mwezi Oktoba mwaka huo na kuweka adhabu ya kifungo cha hadi miaka mitano. Lugha ya sheria hiyo ilisafiri mbali. Kenya ilipoirekebisha sheria yake ya mawasiliano mwaka 2009 iliingiza vifungu viwili, kimoja kuhusu kuipanga upya simu na kingine kuhusu kumiliki au kugawa zana za kazi hiyo, ambavyo mpangilio wake unafanana sana na ule wa London.

Wakati wanasheria wakiandika hayo, biashara ilikuwa ikienda upande mwingine. Katika miaka ya 2000 kampuni ya MediaTek ya Taiwan ilianza kuuza chipu pamoja na programu iliyokwisha kuandaliwa, na kwa hiyo karakana ndogo za Shenzhen, hasa zilizozunguka soko la Huaqiangbei, ziliweza kuunda simu bila kuwa na kikosi kikubwa cha wahandisi. Simu hizo zilikuwa na laini mbili, spika za sauti kubwa na betri za kudumu, mambo ambayo kampuni kubwa za wakati huo zilichelewa kuyatoa, na ziliwafikia watu ambao soko rasmi halikuwajali. Katika hilo zilistahili heshima kuliko walivyokubali waliozikashifu. Upungufu wake ni kwamba nyingi hazikuombewa namba halali. Baadhi zilitoka na sifuri tupu, nyingine na namba iliyonakiliwa kutoka simu ya kampuni mashuhuri, na nyingine shehena nzima ikashiriki namba moja.

India ndiko mkanganyiko ulikoonekana kwa ukubwa wake wote. Serikali iliagiza kwamba simu zisizo na namba, au zenye sifuri, zikatwe kwenye mitandao kuanzia tarehe 1 Desemba 2009, kwa hofu kwamba hazingeweza kufuatiliwa katika uchunguzi wa uhalifu na ugaidi. Kwa kuwa zilikuwa mamilioni, mikononi mwa wanunuzi wasio na kosa, uliwekwa mpango rasmi ambao mwenye simu alikwenda katika kituo kilichoidhinishwa, akalipa rupia 199, naye fundi akaandika namba halali ndani ya simu yake. Kitendo kilichofanywa hapo, kwa upande wa ufundi, hakikutofautiana na kile ambacho kanuni za nchi hiyohiyo za mwaka 2017 zilikipangia kifungo cha hadi miaka mitatu. Kilichotofautiana ni kumbukumbu, kwa maana kwamba katika mpango wa 2009 kila namba iliyotolewa iliandikwa mahali fulani, ikahusishwa na simu moja. Mwezi Juni 2020 polisi wa jiji la Meerut walieleza kwamba simu zaidi ya 13,000 zilikuwa zikitumia namba moja. Rajisi yoyote ikiifungia namba ya namna hiyo kwa sababu ya mwizi mmoja, itawakata maelfu wasiohusika, na ikiiacha, mwizi atatembea salama katikati yao.

Afrika Mashariki iliingia katika mkondo huu kwa njia ya kuzima. Mitandao ya Safaricom nchini Kenya na Vodacom nchini Tanzania ilianza kazi mwaka 2000, na kuanzia 2007 Kenya na 2008 Tanzania huduma ya M-Pesa iliifanya simu kuwa pia mahali pa kuweka akiba, kwa hiyo suala la simu gani iko mikononi mwa nani likapata uzito ambao halikuwa nao Ulaya. Tume ya mawasiliano ya Kenya, baada ya kuahirisha zaidi ya mara moja, iliamuru simu zenye namba zisizotambulika zizimwe usiku wa tarehe 30 Septemba 2012, na takriban simu milioni 1.9 zikanyamaza. Tanzania ilikuwa imejenga msingi wake katika Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, iliyoanzisha Mfumo Rajisi wa namba tambulishi, na simu feki zikazimwa usiku wa tarehe 16 Juni 2016, baada ya miezi ya matangazo yaliyowahimiza wananchi kubonyeza *#06# na kutuma tarakimu zao 15 kwenda 15090.

Haitakuwa haki kuzieleza siku hizo mbili kama ushindi wa utaratibu peke yake. Simu iliyozimwa ilikuwa imenunuliwa kwa fedha halali, dukani, mara nyingi kwa risiti, na mwenye duka hakuulizwa chochote. Aliyeilipia ndiye aliyeamka asubuhi na chombo kisichoshika mtandao. Mtu aliye katika hali hiyo akiambiwa na fundi kwamba kwa elfu chache simu yake itafufuka, hasikii kwamba anaalikwa kutenda kosa. Kila uzimaji wa namna hii huzaa soko la kubadili namba, na soko hilo huendelea kuwapo hata baada ya simu feki kwisha, likiwahudumia sasa wauzaji wa simu za wizi. Kasoro ya sera za wakati huo ilikuwa kuuweka mlango wa ukaguzi mtandaoni, baada ya mauzo, badala ya bandarini. Kenya ilijaribu kuurekebisha mpangilio huo kwa kudai kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2025 waingizaji wa simu watangaze namba tambulishi kwa mamlaka ya mapato, ingawa hatua hiyo nayo iliibua maswali yake kuhusu nani angeziona kumbukumbu hizo.

Ujio wa simu janja ulibadilisha sura ya jambo hili kwa kulitoa katika meza ya fundi na kulitia mikononi mwa mwenye simu. Mfumo wa Android umejengwa juu ya Linux, na katika ukoo huo wa mifumo yupo mtumiaji mkuu aitwaye ruti, neno lenye maana ya mzizi, ambaye hakuna faili asiloweza kulisoma wala kulifuta. Simu huuzwa ikiwa imemnyima mnunuzi mamlaka hayo, na kuyatwaa ndiko kunakoitwa kuruti. Simu ya kwanza ya Android, T-Mobile G1 iliyoundwa na HTC na kuanza kuuzwa Oktoba 2008, ilirutiwa kabla mwaka haujaisha kwa sababu ya kosa la kustaajabisha: maneno yote yaliyoandikwa kwa kibodi yake yalipelekwa pia, kimyakimya, kwa mtumiaji mkuu kama amri, hivyo aliyeandika katika ujumbe wa kawaida neno la Kiingereza la kuiwasha upya mashine aliiona simu ikizimika na kuwaka. Kosa hilo lilizibwa upesi, lakini wazo halikuzimika, na watu wengi waliruti simu zao kwa sababu njema kabisa: kuondoa programu walizolazimishwa, kuweka toleo jipya ambalo mtengenezaji amelikataa, au kurefusha uhai wa simu ya zamani.

Hapa ndipo kosa la kimsingi hufanyika, kwa sababu mtu aliyekwisha kuruti hudhani kwamba ameishika simu nzima. Ndani ya simu janja mna kompyuta mbili. Ya kwanza huendesha skrini na programu, na ndiyo inayomtii ruti. Ya pili ni modemu, yenye kichakataji chake, programu yake na kumbukumbu yake, na ndiyo inayozungumza na mnara na kuutajia namba tambulishi. Kwa hiyo kuna aina mbili za kubadili, zenye hatari tofauti. Katika aina ya kwanza, programu iliyopewa mamlaka ya ruti husimama kati ya programu nyingine na mfumo, na kila inapoulizwa namba ya simu hutoa jibu la uongo. Mnara hauhusiki, nao huendelea kuiona namba ileile ya kiwandani. Katika aina ya pili, kumbukumbu ya modemu yenyewe huandikwa upya.

Hii ya pili ndiyo inayoua simu. Kumbukumbu hiyo haina namba tambulishi peke yake, bali hubeba pia vipimo ambavyo kiwanda kilivichukua kwa simu hiyo moja, vya nguvu ya redio, masafa na hisia ya antena, ambavyo haviwezi kuazimwa kutoka simu nyingine ya aina ileile. Katika simu za Samsung huhifadhiwa sehemu iitwayo EFS, na ikiharibika simu huangukia namba ya jumla, ile ile 004999010640000 iliyohesabiwa hapo juu: namba inayopita uhakiki wote wa hesabu, isiyo ya mtu yeyote, na inayowatokea wote waliopatwa na msiba huo. Katika simu zenye chipu za MediaTek hifadhi hiyo huitwa NVRAM, na ikifutika mwenye simu akifungua orodha ya mitandao ya Wi-Fi huona, mahali panapopaswa kuwa na jina la ruta ya jirani, maandishi ya onyo yanayoanza na neno NVRAM na kufuatiwa na namba ya kosa. Mafundi wanaoflashi simu, yaani kuiandika upya programu yake, Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi hulitambua onyo hilo kwa mtazamo mmoja. Namba inaweza kurudishwa kutoka kibandiko cha kwenye boksi, lakini vipimo vya redio visivyonakiliwa mapema havirudi, na simu hubaki ikishika mtandao kwa taabu, ikimaliza chaji haraka na kukatakata maongezi, kwa sababu isiyoonekana kwa yeyote atakayeinunua.

Aina ya kwanza haijeruhi redio, na nia yake mara nyingi imekuwa ya haki. Mwaka 2010 gazeti la Wall Street Journal lilizipima programu 101 za simu janja na kukuta 56 zikipeleka namba ya kipekee ya simu kwa kampuni nyingine bila mwenye simu kufahamu. Mtu aliyekataa kufuatiliwa namna hiyo alikuwa na hoja, na zana kama XPrivacy, iliyotoka mwaka 2013 kwa simu zilizorutiwa, zilimpa uwezo wa kuzilisha programu majibu ya kubuni. Ila tiba ya kudumu haikutokea huko. Ilitokea pale mfumo wenyewe ulipobadilishwa: katika Android 8 ya mwaka 2017 kitambulisho kiitwacho ANDROID_ID, ambacho ni namba ya biti 64, kilianza kuwa tofauti kwa kila mtengenezaji wa programu, hivyo kampuni mbili hazikuweza tena kulinganisha orodha zao, na katika Android 10 ya mwaka 2019 programu za kawaida zilinyimwa kabisa ruhusa ya kuisoma namba tambulishi. Anayeruti simu ya leo ili kuificha namba hiyo na programu za kawaida anafunga mlango ambao umekwisha kufungwa, na ili aufunge amevunja ukuta.

Ukuta huo una sehemu zinazotajika. Kwanza ni lazima kufungua kipakiaji cha mwanzo, yaani programu ndogo inayoamka kabla ya nyingine zote na kuhakiki kwamba mfumo haujachezewa. Kikifunguliwa data zote hufutwa kwa usalama, na uhakiki hukoma. Katika simu za Samsung zenye mfumo wa Knox, uliotoka mwaka 2013, kuingiza mfumo usio rasmi hukata fyuzi ya kielektroniki iliyomo ndani ya chipu, ambayo haiungwi tena hata mfumo wa kiwandani ukirudishwa, na huduma za malipo pamoja na folda ya siri hazifanyi kazi maisha yote ya simu hiyo. Programu za benki nazo huuliza huduma ya Google inayothibitisha uadilifu wa simu, jibu likitiwa saini na ufunguo uliofungiwa ndani ya chipu, na nyingi hukataa kufunguka zikiambiwa kwamba simu imerutiwa. Hatari kubwa kuliko hizo ni ile isiyotoa onyo: programu ya kubadili namba, iliyopakuliwa kutoka kwa mtu asiyejulikana, huomba mamlaka ya ruti, na akishapewa, mtu huyo anaweza kusoma ujumbe wa benki, nywila na picha zote kwa haki ileile aliyoiomba kwa ajili ya tarakimu 15. Aliyetafuta kufichika huwa amemkabidhi mgeni funguo za nyumba.

Hata kufichika kwenyewe hakupatikani. Kila simu inapojisajili mnarani, kampuni inaweza kuandika namba ya laini na namba tambulishi pamoja, kwa hiyo laini ileile ikitokea leo na namba mpya ya chombo, badiliko lenyewe huwa kumbukumbu. Tarakimu nane za mwanzo huueleza mtandao kwamba simu ni ya aina fulani, na simu inayojitaja kuwa ya aina isiyo yake huonyesha masafa na uwezo usiolingana na jina lake; baadhi ya mitandao hutumia tarakimu hizohizo kuamua simu ipi iruhusiwe kupiga sauti kupitia 4G, hivyo mwenye namba ya kuazima anaweza kunyimwa huduma ambayo chombo chake kinaiweza. Wanaoendesha mitambo haramu ya kupitisha simu za kimataifa kwa laini za ndani hubadili namba tambulishi mara kwa mara ili mtambo wao uonekane kuwa simu nyingi, na kwa sababu hiyohiyo kampuni zimejifunza kuzitilia shaka laini zinazorukaruka kutoka namba moja hadi nyingine. Mtu wa kawaida aliyebadili namba kwa udadisi hujiweka katika kundi hilo bila kujua.

Anayebaki ni mnunuzi wa simu ya mtumba, ambaye hakuruti wala hakuflashi chochote, na ambaye historia hii yote humkuta dukani, akiishika simu iliyosafishwa kioo na kuvishwa kava jipya. Sheria za nchi nyingi zinamtazama fundi na muuzaji, ila chombo kinachofungiwa ni cha mnunuzi, na fedha inayopotea ni yake. Anachoweza kufanya huchukua dakika mbili kabla hajalipa. Hubonyeza *#06# na kulinganisha tarakimu zinazotokea na zile zilizochapwa kwenye boksi, kwenye kishikio cha laini au chini ya betri, kisha huzituma kwenda 15090 akiwa Tanzania au 1555 akiwa Kenya, na kusubiri ujumbe unaomtajia mtengenezaji na aina ya simu iliyosajiliwa kwa namba hiyo. Mara nyingine ujumbe unaorudi husema kwamba namba ni halali, haina kasoro yoyote, nayo ni ya simu ndogo ya batani, wakati iliyomo mkononi mwake ni simu ya kioo yenye kamera tatu.